Askofu Kassian Spiss: aliyeleta misheni Ungoni, akauawa akiwa njiani kurudi

Msikilizaji wetu, ukipanda basi Songea kwenda Mbinga, hujaenda mbali unaikuta njia panda ya Peramiho. Ukisonga mbele kidogo unaingia Wilaya ya Mbinga na kupita Kigonsera. Majina haya mawili tunayataja kila siku redioni, kwa habari za hospitali, za shule, za ajali na za mazao. Lakini vijana wengi hawajui kwamba misheni ya Peramiho ilifunguliwa mwaka 1898, na ya Kigonsera mwaka 1899, wala hawajui aliyeifungua njia hiyo alikuwa nani.

Aliitwa Kassian Spiss. Tusimchanganye na Abate-Askofu Eberhard Spiess, aliyeongoza Peramiho kuanzia mwaka 1953, ambaye wazee wetu wengi walimwona kwa macho. Huyu wa kwanza hakuna aliye hai leo aliyemwona. Aliuawa tarehe 14 Agosti 1905, akiwa na umri wa miaka 39, katika siku za mwanzo za Vita vya Majimaji.

Leo tunasimulia maisha yake. Hatumsimulii ili tumlilie yeye peke yake, kwa sababu vita ile iliua watu wetu kwa maelfu mengi. Tunamsimulia kwa sababu maisha na kifo chake vinatusaidia kuelewa jinsi mashirika ya watawa yalivyoingia katika nchi yetu, kwa nini yalipigwa, na kwa nini baadaye yalikubalika mpaka yakawa yetu wenyewe.

Mtoto wa milimani

Kassian Spiss alizaliwa mwaka 1866 katika kijiji cha milimani, katika nchi ya Tirol, iliyoko Austria. Wamatengo wangekielewa kijiji hicho upesi: makonde ya mteremkoni, baridi kali, na watu wanaojua kwamba udongo usipotunzwa unateremka na mvua.

Alisomea upadri, kisha akajiunga na Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia, shirika lililokuwa bado changa. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1884 huko Ujerumani na Padri Andreas Amrhein. Wabenediktini kwa asili ni watawa wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya tangu karne ya 6: wanaishi pamoja, wanasali kwa saa zilizopangwa, na wanakula kwa jasho la mikono yao. Kwa desturi mtawa wa namna hiyo alikaa katika monasteri yake mpaka kufa. Amrhein alitaka jambo jipya. Alitaka watawa waichukue monasteri yao na kwenda nayo mbali, wajenge, walime, wafundishe na watibu palepale walipofikia. Pamoja na wanaume, alianzisha pia shirika la masista, ambao leo tunawajua kama Wabenediktini wa Tutzing.

Kundi lao la kwanza lilifika pwani yetu mwaka 1888, likajenga Pugu, karibu na Dar es Salaam. Halikudumu. Januari 1889, wakati watu wa pwani wakiongozwa na Abushiri walipokuwa wakipigana na Wajerumani, misheni ya Pugu ilivamiwa. Mabruda wawili na sista mmoja waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka na kukombolewa baadaye.

Tukumbuke jambo hili, kwa sababu litajirudia mbele. Watawa walikuja kusali, kufundisha na kutibu. Lakini walikuja wakati uleule ambao watu wa nchi yao walikuja na bunduki kuitwaa ardhi. Mwenyeji aliyewatazama kutoka mbali angewezaje kujua yupi ni yupi?

Mwaka mmoja baada ya boma

Spiss alifika Afrika katika miaka ya 1890. Mwaka 1898 aliongoza safari ya kwenda Ungoni kufungua misheni. Kutoka Kilwa hadi Songea ni zaidi ya kilomita 400 kwa mstari ulionyooka, na njia ya miguu haijanyooka. Hakukuwa na gari wala reli. Watu walitembea kwa wiki nyingi, wapagazi wakibeba vichwani kila kitu, kuanzia misumari hadi dawa.

Mahali walipopachagua ni Peramiho, katika himaya ya Wangoni wa Njelu. Mwaka uliofuata, 1899, watawa walisogea magharibi zaidi wakafungua Kigonsera. Kituo hicho ndicho kilichokuwa mlango wa kuingilia Umatengo.

Upande wa ziwa mambo yalikuwa tofauti. Huko Waanglikana walikuwa wametangulia tangu miaka ya 1880, wakitumia kisiwa cha Likoma kama makao na meli kama gari lao. Ndiyo maana mpaka leo, ukishuka kutoka milima ya Mbinga kwenda Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, unakuta historia mbili za Ukristo: moja iliyokuja kwa maji, nyingine iliyokuja kwa miguu kutoka bara.

Sasa tazama tarehe. Wajerumani walijenga boma lao Songea mwaka 1897. Misheni ya Peramiho ikaja mwaka 1898. Kati ya bunduki na altare ulipita mwaka mmoja tu. Kwa padri yalikuwa mambo mawili mbalimbali. Kwa Mngoni aliyekuwa ameona wakuu wake wakidhalilishwa bomani, haikuwa rahisi kuyatenganisha.

Padri aliyekusanya maneno

Kitu kimoja kilimpambanua Spiss na wageni wengi wa wakati ule. Alikaa chini akajifunza lugha za watu.

Mwaka 1900 ilichapishwa kazi yake yenye orodha ya maneno ya Kihehe. Mwaka 1904 ikachapishwa nyingine, kuhusu Kingoni na Kisutu. Majina hayo mawili yana maana kubwa kwa historia yetu. Kingoni cha wakati ule kilikuwa lugha ya watawala, waliotoka kusini mwa Afrika wakipigana na kuhama kwa miongo mingi. Kisutu kilikuwa lugha ya watu waliotawaliwa, wale waliokutwa na Wangoni hapa au kuchukuliwa njiani. Kadiri miaka ilivyopita lugha ya watawala ilififia, na ile ya waliotawaliwa ikaenea mpaka yenyewe ikaitwa Kingoni. Spiss alifika kabla lugha ya kwanza haijazimika, akaandika zote mbili.

Kazi hiyo haikufanywa na mtu mmoja. Nyuma ya kila neno lililoandikwa palikuwa na mwenyeji aliyekaa na padri, akirudia, akisahihisha, pengine akicheka matamshi yake. Majina ya walimu hao hayakuwekwa mbele ya kitabu. Lakini bila wao kitabu kisingekuwapo.

Wakati huohuo misheni zenyewe zilikuwa zikikua. Mabruda walikuwa mafundi: seremala, mwashi, mhunzi, mkulima. Walifyatua matofali, wakapasua mbao, wakapanda bustani. Watoto walifundishwa kusoma na kuandika. Wagonjwa walikuja na vidonda na homa. Masista walipofika waliweza kuwafikia akina mama na wasichana, mahali ambapo padri hakuweza kuingia. Kazi hizo za mikono ziliwavuta watu wengi kuliko mahubiri.

Mwaka 1902 Spiss alifanywa askofu. Alikuwa na miaka 36. Eneo lake lilikuwa kubwa mno: kutoka Dar es Salaam, alikokuwa na makao, kushuka kusini mpaka Mto Ruvuma, na kutoka Bahari ya Hindi mpaka Ziwa Nyasa. Leo eneo hilo lina majimbo mengi na maaskofu wengi. Wakati ule mtu mmoja alilizunguka kwa meli ya pwani na kwa miguu.

Nchi inachemka

Wakati askofu akizunguka vituo vyake, nchi ilikuwa inachemka.

Serikali ya Kijerumani ilitoza kodi ya nyumba, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa kazi. Kuanzia mwaka 1902 watu wa maeneo ya pwani ya kusini walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja, wakaacha yao, huku malipo yakiwa kiduchu au hayapo. Juu ya wananchi walisimama maakida na majumbe, na viboko vilikuwa jambo la kawaida.

Huko Ngarambe, katika nchi ya Umatumbi, Kinjikitile Ngwale aliwaambia watu kwamba ipo dawa ya maji itakayowaunganisha na kuwakinga na risasi. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba ya serikali, na vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile. Lakini maji yalikwisha kusambaa, yakipelekwa na wajumbe kutoka kabila moja hadi jingine.

Hata ndani ya misheni palikuwa na makosa yaliyoumiza watu. Hapa kwetu Ungoni, miaka michache kabla ya vita, Padri Franziskus Leuthner wa Peramiho alichoma kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa. Mahoka ni roho za wahenga. Padri aliona anaondoa ushirikina. Mputa na watu wake waliona mgeni amewasha moto kwenye mahali pao patakatifu, na hakuna wa kumshtaki. Jambo la namna hiyo halisahauliki.

Mikukuyumbu, 14 Agosti 1905

Agosti 1905 Askofu Spiss alikuwa safarini tena. Alitoka Dar es Salaam kwa njia ya Kilwa, akielekea Peramiho. Alifuatana na mabruda wawili, Andreas Scholzen na Gabriel Sonntag, na masista wawili wa Tutzing, Felicitas Hiltner na Cordula Ebert.

Walipita bara la Kilwa wakati vita vikiwa na siku chache tu. Mahali paitwapo Mikukuyumbu, katika njia ya Liwale, walikutana na wapiganaji. Tarehe 14 Agosti wote watano waliuawa. Siku hizohizo boma la Liwale nalo lilishambuliwa na kuangushwa.

Kwa wapiganaji, msafara ule ulikuwa wa Wazungu, na Wazungu ndio waliokuwa wakipigana nao. Aliyekuwa akiandika maneno ya Kisutu na aliyekuwa akishika kiboko shambani walikuwa na rangi moja, lugha moja na bendera moja. Hatulisemi hili ili kuhalalisha kuuawa kwa masista wawili wasiokuwa na silaha. Tunalisema kwa sababu ndivyo vita vilivyo, na ndivyo mazingira ya utawala ule yalivyokuwa yamewaweka.

Mwishoni mwa mwezi huohuo misheni ya Nyangao, upande wa Lindi, ilishambuliwa, na Sista Walburga Diepolder akapoteza maisha wakati wa kukimbia. Septemba vita vikafika Ungoni. Misheni ya Peramiho ilichomwa moto. Padri Franziskus, yuleyule wa kibanda cha mahoka, aliuawa.

Kazi ya miaka saba ya Spiss na wenzake ikabaki majivu.

Gharama iliyolipwa na watu wetu

Kisasi cha serikali kilikuwa kikubwa kuliko vita vyenyewe. Majeshi ya Kijerumani yalichoma vijiji, yakateketeza maghala na mashamba, kwa makusudi ili njaa iwamalize waliobaki. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa watu 75,000. Wanahistoria wa baadaye wanaona idadi ilikuwa kubwa zaidi, pengine kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakifa kwa njaa na maradhi.

Tarehe 27 Februari 1906, makumi ya viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea, akiwemo Nkosi Mputa Gama. Nduna Songea Mbano naye alinyongwa baada yao. Ndiyo siku ambayo mpaka leo tunaiadhimisha kila mwaka katika Makumbusho ya Majimaji.

Katika gereza lile aliingia padri mmoja, Johannes Häfliger, ndiye aliyekuwa ameianzisha Kigonsera. Aliwaendea waliohukumiwa siku zao za mwisho, akawabatiza wengi wao. Tendo hilo watu hulipima kwa namna mbili. Wapo wanaoona ni faraja ya mwisho kwa watu waliokuwa wameachwa na kila mtu. Wapo wanaoona ni ajabu kwamba dini ya mnyongaji ndiyo iliyomfikia anayenyongwa, wala padri hakuweza kuizuia kamba. Sisi tunaona pande zote mbili zina haki ya kusikilizwa.

Waliorudi, na waliobaki

Baada ya Spiss, Thomas Spreiter alifanywa askofu mwaka 1906. Watawa walirudi Peramiho na kujenga upya. Walirudi katika nchi yenye yatima, wajane na njaa, na safari hii chakula, dawa na shule vilihitajika kuliko zamani. Häfliger aliendelea na kazi upande wa Umatengo, na kama Spiss, naye alikaa na wenyeji akajifunza. Mwaka 1909 ilichapishwa kamusi yake ya Kimatengo.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipoitwaa nchi, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa. Kwa miaka kadhaa vigango vingi vilibaki mikononi mwa makatekista wenyeji. Hao ndio waliofundisha watoto, waliozika wafu na kuongoza sala za Jumapili bila padri. Kama kazi ya Spiss ingekuwa ya Wazungu peke yao, ingekufa wakati ule. Haikufa.

Hapo ndipo tunapoona somo kubwa la historia hii. Peramiho ilipofanywa abasia mwaka 1931, chini ya Abate Gallus Steiger kutoka Uswisi, hatua zilizofuata zilikuwa za kuwapa wenyeji nafasi yao. Mwaka 1938 lilianza shirika la masista wazalendo, Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes, ambao makao yao yako Chipole. Mwaka 1957 ikaanzishwa monasteri ya Hanga kwa ajili ya watawa wanaume Waafrika. Katika miaka ya 1960 masista wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo kutoka Untermarchtal, Ujerumani, walianza kazi upande wa Mbinga, na leo masista wa shirika hilo ni mabinti wa Kitanzania. Mwaka 1969 Yakobo Komba, mwana wa nchi hii, akawa askofu wa kwanza wa Jimbo la Songea. Mwaka 1986 Mbinga nayo ikawa jimbo, na askofu wake wa kwanza akawa Emmanuel Mapunda.

Ona tofauti. Mwaka 1905 sista alikuwa mgeni, aliyekuja na msafara kutoka pwani. Leo sista anayempima mama mjamzito zahanati, au anayemfundisha mtoto hesabu, anaweza kuwa binti wa jirani yako, anayejua shamba la kina nani lipo wapi, anayekusalimu kwa Kimatengo, Kingoni au Kinyasa. Hakuna wa kumchanganya na boma.

Tumkumbukeje?

Wapo wanaomwita Askofu Spiss na wenzake mashahidi. Wapo wanaosema mashujaa wa kweli ni wale waliosimama na mikuki mbele ya bunduki za Mjerumani. Wengi wetu katika mkoa huu tumerithi yote mawili: babu wa baba alikunywa maji ya vita, na bibi wa mama alifundishwa kusoma na masista. Hatulazimiki kumkana mmoja ili tumheshimu mwingine.

Spiss aliifanya kazi yake kwa haki kwa kadiri alivyoweza: alitembea kwa miguu, alisikiliza, aliandika lugha za watu walipokuwa bado wakidharauliwa na waliowatawala. Lakini alikuja kwa njia iliyofunguliwa na bunduki, na njia hiyo ndiyo iliyomuua. Kilichobaki baada yake ni kile kilichoingia mikononi mwa wenyeji: shule, hospitali, vitabu, na mashirika ya watawa yenye majina ya koo zetu.

Hilo ni jambo la kufikiria pia kwa kila anayekuja leo kijijini na mradi mzuri, awe wa dini, wa serikali au wa wafadhili. Swali la kumuuliza ni lilelile: umejifunza lugha yetu? Umekuja na nani? Na utakapoondoka, nani kati yetu atakuwa ameshika funguo?

Msikilizaji wetu, ukiwa na mzee nyumbani anayekumbuka masimulizi ya Majimaji, au ya misheni za zamani za Kigonsera, Litembo au Lituhi, kaa naye jioni moja umsikilize, na andika anayosema. Spiss aliandika maneno ya wazee wa wakati wake, ndiyo maana leo tunajua lugha waliyosema. Ya wazee wa sasa ni zamu yetu kuyaandika.